Taa ya Kipande cha Kumi na Moja

Mjomba wangu alikuwa fundi redio pale Korogwe, na siku moja aliletewa redio yenye kenge ndani. Zile redio za zamani, sanduku la mbao, unaweza kulaza mtoto mchanga humo. Mwenyewe, bwana mmoja wa kule juu mlimani, alikuwa ameiweka kwenye ghala la mahindi tangu masika, akadai inakwaruza hata ikizimwa.

"Inakwaruza imezimwa?" mjomba akasema. "Basi hiyo si redio, bwana, hiyo ni mkeo."

Watu kibarazani wakacheka. Mimi nikaambiwa nipenyeze mkono kwa nyuma, nichomoe waya wa betri. Nikapenyeza. Kitu kikanidaka kidole.

Sikulia. Sauti ilikataa kutoka. Kenge mchanga, urefu wa mkono wangu, alitoka na kidole changu mdomoni, akaangukia sufuria ya chai ya mjomba, akaniachia, akapotea nyasini. Ukucha wa kidole hiki cha shahada umepinda mpaka leo. Tangu siku ile naogopa kuingiza mkono nisipopaona, na angalia mambo ya Mungu, maisha yangu yote nimelishwa na kazi ya kuingiza mkono nisipopaona.

Shule niliishia darasa la tatu. Kulehemu nilifundishwa na mjomba huyo, chuma tukikipasha kwenye jiko la mkaa. Kwa ufundi huo nikafika Dar, nikafika Maputo, mwisho nikafika Johannesburg, nikaweka meza ya kukunja kando ya njia Marshalltown. Redio, chaja, pasi, chochote kinacholetwa. Mwavuli niligawana na mama mmoja wa Kikongo, mshonaji, mwanamke mwenye maneno huyo, angeweza kumkopesha nguo askari na bado askari akamshukuru. Lakini tumwache.

Hapo ndipo aliponikuta yule mzee. Mreno, rika langu, ameleta amplifaya iliyokufa. Nikajichoma, nikatukana kwa Kiswahili, naye akaangua kicheko. Alizaliwa kaskazini mwa Msumbiji, karibu na mpaka wetu, akalelewa na yaya wa pwani. Kiswahili chake kilibaki pale pale kama cha mtoto wa miaka sita.

"Matusi yako nzuri," akasema. "Mimi yaya alinipiga kwa matusi hiyo."

"Samahani, mzee."

"Mzee nani? Meno una ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mimi sita. Haya, mzee ni mimi. Kuja nyumbani kwangu, fundi. Nina treni."

Nikadhani maneno yamemtoroka. Kumbe treni kweli. Gereji yake yote, ukuta kwa ukuta, ilikuwa meza moja kubwa, juu yake milima ya plasta, stesheni, daraja, mahandaki, na injini ambazo kila moja inaenea kiganjani. Alikuwa mtu wa reli kabla ya kustaafu. Magoti yalikuwa yamemwishia, akataka mtu wa kuingia uvunguni mwa meza.

Treni zile hazikuwa za kuchezea watoto. Umeme uko relini muda wote, na amri zinapita humo humo ndani ya umeme, kila injini inasikia ya kwake. Tatizo ni kwamba injini inasikia tu, haijibu. Ikiingia handakini hujui iko wapi. Kwa hiyo tulizigawa njia vipande ishirini na vinne. Reli moja, ile ya kurudishia umeme, tuliiacha nzima. Nyingine tukaikata kwa kimsumeno, tukatia kijiplastiki katikati ili ncha zisigusane. Kila kipande na waya wake, na kila waya unapita kwenye kibao kinachonusa umeme. Injini ikisimama juu ya kipande inakula umeme, kibao kinanusa, taa nyekundu inawaka kwenye ubao wa mzee: hapa pana mtu. Kompyuta ikiona nyekundu inaizuia treni inayokuja. Mabehewa hayali umeme, basi tukayalehemea kwenye ekseli rezista ndogo kama yai la chawa, kijidude kinachokula umeme kidogo, ili nayo yaonekane. Kazi ya kulala chali, risasi ya kulehemu, ya moto, ikikudondokea shingoni.

Mwanzo nilikuwa nakwenda na kurudi. Nilipanga mtaa wa La Rochelle, nusu ya chumba, pazia katikati. Mwaka 2017 wakaingia watu watatu, sura zimefunikwa, bastola moja. Wakachukua simu na vifaa vyangu. Mmoja akasema, "Madala, lala chini." Madala kule ni mzee. Sauti ile niliijua. Alikaa mlango wa tatu, nilishamtengenezea spika. Kosa langu ni hili: niliinua kichwa nikamtazama macho. Naye akajua kwamba nimejua.

Asubuhi tukakutana spaza, kiduka cha mtaani. Ananunua mkate. Akaniangalia polepole toka viatu mpaka kofia, akatabasamu. "Sharp, madala," akasema, kama sisi tunavyosema "poa".

Hakuna tusi nimewahi kutukanwa likanitisha kama ile "sharp".

Siku hiyo hiyo nilimwambia mzee siwezi kurudi kule. Hakuuliza mengi. "Lala chumba ya uani," akasema. "Mpaka taa ya mwisho."

Ukuta mrefu, waya wa umeme juu, geti la chuma. Nililala kama maiti. Lakini neno lake lile, mpaka taa ya mwisho, nililihesabu kila siku. Kipande cha kumi na tano kikakubali, cha kumi na nane, cha ishirini. Mzee anashangilia, anapiga meza, na mimi chini kule jasho linanitoka. Kila taa iliyowaka sawasawa ilinisogeza hatua moja kwa yule wa mlango wa tatu. Nikawa nikisikia pikipiki nje nashika roho, nadhani ni yeye.

Tulipofika cha ishirini na tatu nikafanya nilichofanya. Nilichukua rezista moja, nikailehemu baina ya waya wa kipande cha kumi na moja na waya wa kurudishia, nikaifunga utepe mweusi. Kipande hicho kimo ndani ya handaki, hakionekani. Kibao kikanusa umeme unaliwa. Taa ikawaka.

"Fundi! Kumi na moja pana nini?"

"Nitaangalia, mzee."

Mzee akaingiza tochi na kioo handakini. Hamna kitu. Akalaumu kibao, akanunua kingine. Taa ile ile. Akazima kila kitu, akawasha. Ile ile. Mimi naangalia kila siku, nafungua, nafunga, nasema waya hizi zina ukaidi.

Kisha akaacha kucheka. Nikaanza kuona vikaratasi jikoni: nimefunga bomba, nimezima jiko. Siku moja akaniuliza, uso kauelekeza pembeni, "Labda mimi naweka behewa, halafu natoa, halafu sikumbuki?"

Ndipo aliponieleza. Binti yake alikuja kila Jumapili. Mzee alishasahau jiko likiwaka mara mbili, na binti akasema ikitokea mara ya tatu, nyumba inauzwa, yeye anapelekwa kwenye makao ya wazee. "Anasema kichwa yangu inavuja," akasema. Akasogeza kikombe pembeni. "Fundi, ubongo ikiondoka, mtu anajua, au hajui?"

Ningesema saa ile ile. Sikusema. Niliogopa kutolewa nje ya geti. Nilikaa na siri hiyo siku nane, na siku hizo nane nilimwona mtu mzima anaogopa taa ndogo kama punje ya mtama.

Jumamosi, mzee yuko jikoni anakaanga samaki, nikaingia uvunguni nikaing'oa rezista. Taa ikazima. Ili niwe na hakika, nikasukuma behewa moja mpaka ndani ya handaki. Ikawaka. Safi kabisa.

"Kuja, samaki inapoa!"

Nikaenda. Tulikula, akanihadithia habari za yaya wake, tukacheka. Lile behewa nililiacha ndani. Nilisahau, wallahi, mimi.

Jumapili binti akaja. Mwanamke mpole, sitamsingizia, alimletea baba yake sweta. Mzee akamvuta gereji amwonyeshe treni inavyozunguka yenyewe. Akatoa injini yake ya kijani, aliyoiunganisha kwa mkono kwa miaka, na mabehewa sita. Ikapanda daraja, ikakaribia handaki, ikasimama. Kumi na moja nyekundu.

"That one is lying," akamwambia binti. Hiyo inadanganya. Akaizima kompyuta, akazungusha swichi ya kuendeshea kwa mkono mwenyewe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikalikumbuka lile behewa. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

Ikagonga humo ndani. Behewa likachomoka upande wa pili, na injini ikatoka nyuma yake kiubavu, ikaenda moja kwa moja ukingoni, ikaanguka kwenye saruji, ikasambaratika. Binti akaokota lile behewa. Akamshika baba yake bega.

Mzee akanigeukia. Akasema kwa Kiswahili, ambacho binti hakukijua. "Fundi. Mimi niliweka ile pale?"

Tulitazamana.

"Sijui, mzee," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Akamwambia binti kwa Kiingereza kwamba ameliacha yeye, amesahau. Binti akasema basi kesho wataenda kuyaona yale makao, kuona tu. Mzee akasema sawa. Akaniomba nilete ufagio.

Ufagio ulikuwa uani, nyuma ya mlango wa chumba changu. Niliingia, nikachukua mfuko wangu. Nikaweka ufunguo kitandani. Geti dogo la waenda kwa miguu halikuwa limefungwa, gari la binti lilikuwa limeegeshwa nje. Nikatoka nikaelekea mjini kwa miguu, natazama nyuma kila nikisikia pikipiki, nikapita robot ya kwanza, taa za barabarani wanavyoziita kule, nikapita ya pili, sikurudi tena.