Mtungi Uliodondoka Kutoka Angani

Mafundi wenzake walimwita Kunguru, naye hakukasirika. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, au sivyo? Dada huyu alikuwa mkata vyuma chakavu, tena hodari, lakini hakugusisha moto kwenye pipa lolote kabla ya kulijaza maji mpaka pomoni. Baba yake alikata pipa aliloambiwa ni tupu, kumbe mvuke wa petroli ulikuwa bado umo ndani, likamlipukia. Basi mcheke msicheke, kwake yeye ni maji kwanza.

Asubuhi moja mkulima akaja na mkokoteni. Juu yake palikuwa na tufe la chuma, kubwa kuliko boga, limebabuka upande mmoja. Lilidondoka shambani kwake kwa kishindo. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba roketi iliyopandisha setilaiti wiki ile inarudi chini vipande vipande.

"Huu ni mtungi wa mafuta ya roketi," Kunguru akasema. Akaugeuza, akautazama kote. Mdomo wa mtungi ulikuwa umeyeyuka ukaziba. Pa kutilia maji hapakuwapo. "Haukatwi huu. Napiga simu polisi."

Mdogo wake, mwanamume mzima na ndevu zake, akacheka. "Dada nawe! Mtungi umeungua huko juu wote, utabaki na nini tena?"

Kunguru akatoka kutafuta mtandao. Alipomaliza kuongea, akaona mwanga wa buluu karakanani. Lahaula! Mjinga yule kawasha! Miguu ilimwambia kimbia, na kweli hatua ya kwanza aliipiga kuelekea barabarani. Aliogopa mpaka akasahau kupiga kelele. Kisha akarudi mbio, akafunga gesi, akamburuta mdogo wake kwa ukosi wa shati. Mtungi ulikuwa umeanza kufoka mvuke, na harufu ya samaki waliovunda ikajaa chumbani.

"Umeniaibisha mbele za watu!" mdogo wake akafoka nje. Kunguru akawasukuma watu waliokuwa wamekusanyika wakae mbali na mlango.

Wataalamu walioletwa na polisi walipofika walikuwa wamejifunika gubigubi hadi nyuso, na hata hivyo wakasimama ng'ambo ya barabara, hakuna aliyethubutu kusogea. Mmoja akauliza kwa kipaza sauti: "Ule mvuke ni sumu! Kuna aliyeuvuta?"

Umati ukarudi nyuma. Mdogo wake akatazama viganja vyake. "Dada," akanong'ona, "na wewe si uliingia?"

Kunguru akamshika mkono, akauinua pamoja na wake.

"Tuko wawili!" akapaza sauti.