Wanataka Nimwambie Mzee Anarudi Mwanza

Admin, nifiche jina. Na kama kuna atakayenitambua kwa majigambo yangu, anyamaze tu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mbili, Mhaya wa Bukoba, kwa hiyo nikijisifu msishangae, ndivyo tulivyoumbwa. Shule niliishia la saba lakini dunia nimeisoma. London niko tangu miaka ya tisini, nimebeba boksi za kila aina, nimefagia maofisi ya Croydon hadi yakang'aa kuliko wenye ofisi, na sasa ni mwaka wa nne namhudumia mzee mmoja Kalasinga huku Southall. Namwogesha, namlisha, namfunga kilemba. Ndiyo, kilemba, tena nakifunga kuliko wanawe.

Mzee huyu alizaliwa Mwanza, baba yake alikuwa na karakana ya mbao. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kilitangulia kuondoka, Kipunjabi kikafuata, kilichobaki ni Kiswahili, kile cha utotoni. Wanawe wamezaliwa hapa, hawajui hata "maji". Nyumba nzima, anayemwelewa baba yao ni mimi. Ananiita Masanja, jina la Msukuma aliyemlea pale karakana. Mwanzoni nilimbishia, "Mzee, Mhaya na Msukuma wapi na wapi?" Siku hizi naitika.

Mwezi uliopita mwanawe mkubwa, nitamwita Bobi, akalipia familia safari ya meli ya mtoni kule Ujerumani, na mimi nikachukuliwa niwe mdomo wa mzee. Jamani, nilikula maisha! Meli ina zulia hadi chooni. Huku na huku mashamba ya zabibu yamepanda milima mpaka unajiuliza wanapalilia vipi bila kuporomoka. Tukapelekwa kuonja mvinyo, mzungu akasema onja kisha tema. Niteme? Mtu aliyekuzwa na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ateme kinywaji? Nilimeza changu, nikameza na cha mke wa Bobi. Juu ya vilima kuna ngome za zamani zimebaki kuta tupu, watu wanazipiga picha. Kwetu tungemcheka mwenye nyumba kwamba pesa za bati zilimwishia.

Lakini mzee alikuwa anateseka. Siku ya pili tulipofika kwenye mji wa kushuka, alikumbatia chuma cha ngazi akilia kama mtoto. Bobi anamvuta, abiria wanatazama. Mzee anapiga kelele: "Masanja! Hawa watu iko nani? Hii meli iko fika Mwanza saa ngapi?"

Mimi mtani, neno likanitoka lenyewe. "Kesho asubuhi, mzee. Bukoba tumeshaipita. Hapa ni bandari ya Kemondo, tunashuka kidogo kununua ndizi."

Akaachia chuma. Akanishika mkono, tukashuka kama maharusi. Tangu hapo kila mji tulioshuka, wenye makanisa ya mawe na saa za dhahabu, kwetu sisi ulikuwa Kemondo. Bobi akaniuliza nimemwambia nini. Nikamweleza, akacheka sana. Nami nikacheka.

Alasiri moja tumekaa juu ya meli, wenzetu wako chini wanakunywa chai. Mzee akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyeamka.

"Weye hapana Masanja," akasema. "Masanja ilikufa zamani. Mimi ilibeba yeye kwenda kaburi. Weye nani?"

Nikamtajia jina langu. Akalirudia taratibu, akalipatia.

"Sikia. Hawa watoto nataka kutupa mimi. Iko ona. Wote nadanganya mimi. Weye hapana danganya, ee? Weye nasema twende, mimi nakwenda."

Nikamwambia, "Sikudanganyi, mzee." Na wakati huo nimeshamdanganya miji mitano. Akanishika kidole, akatazama mto. Haikupita muda akaniuliza, "Masanja, ndizi iko wapi?"

Wiki hii Bobi ameniita jikoni. Wamepata nafasi kwenye nyumba ya wazee, mbali, kule ng'ambo ya Lewisham. Ndugu zangu, Bobi si mtu mbaya, msimtukane. Mzee amewasha gesi mara mbili akaondoka zake, na shemeji, mke wa Bobi, mgongo umekwisha kwa kumnyanyua. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha upole, "Kaka, umemtunza kuliko sisi. Jumamosi gari linakuja. Mwambie lile la melini, kwamba anakwenda Mwanza. Ataingia bila shida."

Nikamuuliza, "Huko kuna anayejua Kiswahili?"

Akatazama sinki.

"Na nikikataa?"

"Watakuja watu wawili wamshike. Unataka baba aondoke hivyo?"

Mimi sitahamia naye, kule wana wahudumu wao. Jumapili ataamka aite Masanja, ataita na kuita, na watakaokuja watamsemesha kizungu huku wakitabasamu.

Mke wangu anasema, "Baba Koku, hiyo ni kazi, yule si baba yako." Namwitikia, halafu silali. Mimi ninayeweza kumuuzia mzungu mvua, tangu Jumatatu nikiingia chumbani kwa mzee nakosa neno. Nikimwambia twende Mwanza, ataingia garini anacheka, kwa kuwa nimesema mimi. Nikimwambia kweli, atabebwa akilia, na huenda kabla ya kufika ameshasahau kwamba kuna mtu mmoja hakumdanganya. Sasa kweli hiyo itakuwa imemsaidia nani, yeye au mimi?

Jumamosi ni keshokutwa. Mtakaonitukana nitawasoma, nimezoea. Ila wenye wazazi, wenye wazee, nishikeni mkono: mlangoni pale nimwambie nini? Mnitafutie neno, na liwe la Kiswahili, maana hana lugha nyingine ya kuagwa nayo.