Birika la Imamu

Harufu ya samli juu ya wali wa moto huniondoa mezani hadi leo.

Utotoni mwangu, kila Ijumaa, imamu wa msikiti wetu mjini Matrah, mzee wa ndevu nyeupe, aliwalisha barazani mahamali wanaobeba magunia sokoni. Ijumaa ile aliwanawisha kwa mikono yake, kisha akawakalisha sinia moja na matajiri.

“Sheikh, mimi nile na hamali?”

Aliyefoka ni Baba, mmoja wa matajiri hao, nami nimeketi kando yake. Alilipiga sinia teke, wali ukaturukia nyusoni. Akamkamata imamu kifuani, akamtwanga ngumi ya mdomo, jino likang'oka.

Mzee alitema damu, akainua birika la kunawia.

“Nawa, mwanangu. Mkono wako una damu.”

Baba akampiga tena. Mzee hakuliweka birika chini.