Ndama Aliyesahaulika Duniani

Dada yangu alipolazwa kujifungua, alituachia binti yake wa miaka mitano, aliyetoka naye Sapiwi. Mimi nilipewa agizo moja tu: "Hakikisha anakula." Nilichaguliwa kwa sababu Bariadi nzima inajua kwamba ukinitafuta saa yoyote, utanikuta nyumbani nimekaa.

Siku mbili mtoto hakula wala kusema. Uji, hapana. Wali, hapana. Mama yangu alibembeleza mpaka akachoka. Nikajikaza, nikatembea mpaka sokoni, safari ya dakika kumi ambayo kwangu ni msafara, nikarudi na kitabu cha picha: wanyama wanakwenda mwezini kwa roketi.

Nikasoma kwa mbwembwe zote. Simba ndiye rubani. Twiga shingo imetokea dirishani. Ng'ombe kavaa kofia ya kioo. Ndiye atakayewapa wenzake maziwa njia nzima.

"Ndama yuko wapi?"

Nusura nidondoshe kitabu. Alikuwa ameongea!

"Ndama? Amebaki nyumbani."

"Basi hatoi maziwa."

"Atatoa. Huyu ni ng'ombe wa kisasa."

"Mjomba, ana nundu!"

Kweli, alikuwa nayo. Mama akacheka kutoka jikoni. "Mjomba wako siku za kuchunga alikuwa anaumwa tumbo. Hajui kwamba ndama asiponyonya kwanza, ng'ombe wetu wa kienyeji, mwenye nundu, anabana maziwa."

"Watakufa njaa," mtoto akasema, macho yamemtoka. "Halafu simba atamla ng'ombe!"

Ikawa dharura. Nikachukua kalamu, nikachora ndama ndani ya roketi.

"Huyo mbwa," akasema.

Nikaongeza masikio.

"Mbwa mkubwa."

Akaninyang'anya kalamu, akachora wake, kisha akaamua tuhakikishe kama maziwa yatashuka. Viti viwili vikawa roketi. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, nikapiga magoti nikawa ng'ombe. Yeye akawa ndama, akanisukuma tumboni kwa kichwa, akicheka mpaka kwikwi zikampata. Mama akachuchumaa kando yangu na kikombe.

"Lia basi, ng'ombe mvivu!"

Nikalia. Jirani akachungulia, akaondoka bila kusalimia.

"Yameshuka, mayu!" Mama akamwita mjukuu wake "mama" kwa Kisukuma, akampa kikombe cha maziwa. Akayagugumia yote, akaomba mengine, na kipande cha kiazi.

Magoti yakiniwaka moto, nikajaribu kuinuka. Mama akanikandamiza mgongoni.

"Tulia wewe. Ndama hajamaliza."