Nilimwambia Mama Mkwe Havitelezi

Habari za majukumu wanafamilia wa ukurasa huu. Admin, nakuomba jina langu lisionekane popote, maana mume wangu na mawifi zangu wote wanapita humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, nina watoto wawili, nauza mapazia hapa Kariakoo. Tunaishi kwenye nyumba ya marehemu baba mkwe, zile za zamani zenye korido katikati na vyumba huku na huku. Maghorofa yametuzunguka kila upande, hata mchana tunawasha taa. Kabla ya hapo tulipanga chumba kimoja Buguruni miaka saba, kwa hiyo mama mkwe alipotuita tuje tukae naye kwa sababu ya uzee, nililia kwa furaha. Nisimsingizie, mama yule alinipenda. Aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza.

Mume wangu, ambaye anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini, aliamua tuikarabati nyumba. Paa jipya, bafu liingie ndani badala ya lile la uani, na sakafu yote vigae. Mama mkwe aliomba kitu kimoja tu. "Bafuni na koridoni niwekeeni vile vya kukwaruza, wanangu. Miguu yangu hii siiamini tena." Mume wangu akaandika kwenye karatasi, akanipa niende dukani na fundi kwa sababu yeye hakuwa na nafasi.

Dukani ndiko shetani alikonikuta. Niliona vigae vyeupe vyenye mistari ya kijivu, vinang'aa mpaka unajiona uso. Nilikuwa nimeviona sana kwenye simu, kwenye nyumba za watu. Nikaiwaza korido yetu ile ya giza, nikasema ni hivi hivi. Fundi, mtu mzima ambaye nitamwita Shomari, akanizuia. "Dada, hivi weka sebuleni. Koridoni bi mkubwa atapita katoka kutawadha, miguu ina maji. Ataanguka." Nikamjibu mbele ya wauzaji, "Fundi, nyumba yangu au yako? Wewe bandika." Bafuni tukaweka vya kukwaruza, koridoni vikaenda vyangu.

Mume wangu aliporudi akauliza, "Mbona hivi vinang'aa?" Nikamwambia, "Fundi kasema ni vya kisasa, vinang'aa tu lakini havitelezi." Akaridhika. Uongo ulinitoka kirahisi, wala sikuufikiria tena.

Wakati wa kazi mama mkwe alikuwa kwa wifi yangu Mbagala. Aliporudi alisimama mlangoni kashika mdomo. "Mashaallah, mmenijengea hoteli!" Akavua ndala, akakanyaga taratibu huku ameshika ukuta. "Havitelezi hivi?" Nikasema, "Havitelezi, mama."

Hazikupita siku kumi. Adhuhuri moja nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia kishindo koridoni. Nilimkuta kalala ubavu, kanga imelowa, mkono mmoja unatafuta pa kushika. Nyonga ilikuwa imevunjika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, lakini hakusimama tena. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani ili asipate vidonda, na bado alivipata. Wageni walikuwa wananisifia: "Bibi, hukupata mkwe, umepata binti." Natamani wangenipiga.

Siku moja namfuta uso, akanitazama muda mrefu. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuuliza, mwanangu." Basi. Hakuwa na hasira, aliomba maji tu akanywa. Kwa mtoto wake hakuwahi kunitaja, alisema kateleza kwa bahati mbaya. Baada ya wiki mbili kifua kikambana, akafariki.

Msibani fundi Shomari alikuja kutoa pole. Mume wangu akainuka kwenye jamvi, akamkamata ukosi wa shati mbele ya watu. "Umemuua mama yangu kwa uongo wako, halafu unakuja kukaa na sisi?" Fundi aligeuka, akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni na wanawake wenzangu. Nikajifunika uso kwa mtandio kama nalia. Alingoja kidogo, akasema, "Mungu amrehemu bi mkubwa," akatafuta viatu vyake akaondoka.

Tangu hapo mume wangu amezunguka kila nyumba ambayo fundi alikuwa na kazi. Mtaani hakuna anayemwita tena. Mke wake alinifuata dukani kwangu, macho yamevimba. "Mume wangu hasemi kitu. Nikimbana ananiambia, niliyekuwa naye dukani siku ya kununua vigae anajua. Si wewe huyo, dada?" Nikamwambia nina wateja, arudi baadaye. Sikuwa na mteja hata mmoja.

Vigae bado vipo. Niliomba tuvibandue, mume wangu akakataa, anasema ni ushahidi. Kila asubuhi navipiga deki mimi mwenyewe.

Sasa amepeleka malalamiko polisi, na Jumatatu tunatakiwa kituoni. Leo wakati wa chai kanishika mkono, macho yamejaa machozi. "Mke wangu, shahidi wangu ni wewe. Fundi alikuambia wewe kwamba havitelezi. Utaeleza tu kama ulivyonieleza mimi." Nikaitikia, "Sawa, baba."

Nikisema kweli, ndoa hii haipo tena, na watoto watakua wakijua mama yao alimfanya nini bibi yao. Nikisema alivyoniambia mume wangu niseme, mtu aliyenikanya ataingia ndani kwa ajili yangu. Nimeshindwa kula, nimeshindwa kuswali. Najua mtanitukana na nastahili, ila mkimaliza naomba mnisaidie: Jumatatu nikiulizwa mbele ya mume wangu na fundi Shomari, nijibu nini?