Kibaba cha Mudathiri

Bi Hafidha alitumikia masijala ya serikali pale Utete mpaka akastaafu, na ukimuuliza kazi yake ilikuwa nini atakujibu, "Kufuta vumbi." Usimwamini. Mwanamke yule alikuwa hawezi kuona kitu cha zamani akakipita bila kukiuliza kwao ni wapi.

Aliporudi kwao Mbwera hakuacha. Visiwa vile vina masalia tele ya vita vya Mjerumani: vifungo vya askari, vyuma vya meli, chupa za maji za bati. Watu walikuwa wakivitumia kuzibia mabanda ya kuku. Yeye akavikusanya katika chumba cha uani kwa sharti moja tu: kitu hakiingii mpaka mwenyewe aje akisemee, amtaje aliyekibeba na jinsi kilivyofika. Bila hivyo, alisema, hicho ni chuma chakavu, mpelekeeni mnunuzi wa vyuma mwenye mizani.

Chake mwenyewe kilikuwa kimoja, ganda la kombora la shaba, limekatwa juu, likijaa mchele ni kibaba kamili. Wakakiita hivyo hivyo, kibaba. Alikuwa nacho babu wa baba yake, Mudathiri, aliyechukuliwa na Wajerumani kuwabebea mizigo. Huko kusini akakifanya sufuria ya uji na kikombe cha maji. Ukingoni akakata alama tatu kwa kisu, moja kwa kila mtoto aliyemwacha nyumbani, ili asiwasahau. Homa ilipomlaza chini asiamke, alimkabidhi chombo hicho mpagazi mwenzake, Mmatumbi aitwaye Faraji: "Mfikishie mke wangu Subira."

Na Faraji akafikisha. Kwa miguu, na njaa ile! Subira akakipokea mumewe hayumo, na tangu siku hiyo kila Ramadhani ikiisha wanawake wa Mbwera hupimia zaka ya fitri kwa kibaba hicho. Kaburi la Mudathiri halijulikani. Alama zile tatu ndizo zilikuwa kaburi lake.

Kwa wema ule koo mbili zikafungamana zikawa za watani. Mtani, kama ujuavyo, ndiye mtu pekee anayeweza kukuita mchawi mbele ya mkweo ukamkaribisha chai. Kitukuu cha Faraji, Haidari wa Kibiti, alikuwa hodari wa mambo hayo. Hafidha alimpenda kama ndugu, na nikisema alimpenda, nasema kweli tupu.

Kaka yake Hafidha, Hilal, alipofariki, Haidari akaja msibani na vituko vyake. Akavaa kanzu ya marehemu kinyumenyume. Akajilaza kaburini akidai kwanza alipwe kodi. Kisha akaingia chumba cha uani, akatoka na kibaba kichwani kama kofia ya askari. "Hiki nimeteka! Mkikitaka, njooni mkomboe!"

Watu hoi kwa kicheko. Hafidha, machozi hayajakauka, naye akacheka. Ndiyo dawa ya utani hiyo. Na sheria yake inajulikana: alichochukua mtani msibani hakidaiwi kwa hasira. Unasubiri, unapeleka jogoo, mnatukanana kidogo, unarudi na kitu chako.

Arobaini ilipopita Hafidha akapanda boti, akashika njia ya Kibiti na jogoo wake mwekundu. Haidari akampokea kwa shangwe. "Kibaba kipo kwa fundi, mtani. Nakisafisha kiwe kama dhahabu. Lakini jogoo mwache, asisumbuke kurudi." Hafidha akamwacha jogoo, akarudi Mbwera anatabasamu njia nzima. Angeshuku nini? Nyumba ile ndiyo iliyomletea kibaba.

Kumbe! Wahenga wamesema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kadi ikaja. Chama fulani cha kumbukumbu, mwenyekiti wake Haidari, kinafungua chumba cha historia Kibiti, na Bi Hafidha amealikwa mstari wa mbele. Akavaa gauni lake la Idi. Akaingia, akakiona kibaba ndani ya kioo, kinang'aa mpaka kinatia kiwi. Chini yake kibao: *Chombo cha mpagazi Faraji, shujaa wa ukoo wa mwenyekiti.*

Mudathiri hakutajwa hata kwa herufi moja. Hafidha akainama karibu na kioo, akatafuta zile alama. Ukingo ulikuwa laini kama yai. Fundi kazisaga zote tatu.

Moyo wake ulikatika, nakwambia. Si kuibiwa tu. Mwizi humwekei chai. Huyu alipita mlango aliofunguliwa na babu yake mwenyewe, akamwibia maiti jina, tena akamtumia ndugu wa maiti kadi ya mwaliko.

Akasimama katikati ya hotuba. "Mwizi wewe, Haidari! Mwongo! Kile ni cha Mudathiri. Faraji alikileta kwa miguu yake, wewe umekila pamoja na jogoo wangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni rasmi alishtuka, lakini jirani yake akamnong'oneza, "Usijali, mheshimiwa, hao watani." Hafidha akapaza sauti, "Sitanii!" Wakazidi kucheka, wengine wakapiga makofi. Akamtazama Haidari, maana yeye alijua, na neno lake moja lingetosha. Haidari akajifuta macho kwa leso. "Mnamsikia mtani wangu? Ulimi kama wembe!"

Hafidha akakaa chini. Loo, kusema kweli yako ikageuzwa ngoma ya watu! Hakulia mpaka alipofika kwenye boti.

Fitri ya mwaka ule walipimia kwa kopo la plastiki.

Mvua za masika zilipokatika, mama yake Haidari, Bi Zabibu, akafariki. Hafidha akaenda, marehemu hakumkosea kitu. Watu walipomwona wakaanza kutabasamu kabisa, wakimsubiri. Mtani wa kike kazi yake ni mlangoni: hulizuia jeneza, hugomba, hutukana, mpaka apewe chochote ndipo maiti apite. Mzee asiyezuiwa na watani wake, huenda kama aliyezikwa na wapita njia.

Jeneza likaja. Wachukuzi wakapunguza mwendo, wakasimama kabisa, wakamngoja. Hafidha akasogea pembeni, akakusanya kanga yake.

"Piteni," akasema. "Poleni kwa msiba."

Haidari, bega lake chini ya jeneza la mama yake, akamkodolea macho. "Mtani, zuia! Mtukane mama! Nitukane mimi!"

"Sina mtani hapa."

Hakuna aliyecheka. Walewale waliopiga makofi ukumbini sasa walikuwa wanatazamana, kisha wakamgeukia Haidari, na nyuso zao zinauliza umemfanyia nini huyu mama. Akasogeza kichwa, akasema kwa sauti ya kuomba, "Hafidha, kibaba nitakirudisha. Kesho. Wallahi."

"Na watoto watatu wa Mudathiri," Hafidha akamjibu, "utawarudishia wapi?"

Bi Zabibu akatolewa nyumbani kwake bila kuzuiwa na mtu.