Shavu la Utafiti

Bibi harusi wetu alikuwa na mashavu mawili tofauti: moja la kawaida, moja la utafiti. Ni binti yangu wa kwanza, anasoma ufamasia, na kazi yake ya mwisho chuoni ilikuwa juu ya gliserini: inapunguza madoa meusi ya ngozi, au inalainisha tu? Alianza na madoa yake mwenyewe ya chunusi. Kila jioni alipaka gliserini na maji shavu la kulia, la kushoto akaliacha hivyo hivyo.

"Ikinifaa, Mama, nitakupaka na wewe," aliniambia.

Mimi nina mabaka meusi mashavuni tangu mimba yake. Nilikuwa nikimtania kwamba ameniharibu uso akiwa tumboni.

Sasa, mtaani kwetu Buyenzi, bibi harusi akishawekwa ndani kusubiri harusi, ngozi yake iko mikononi mwa shangazi. Shangazi yangu, aliyenisinga mimi kwa mafuta na manukato nilipoolewa, ndiye aliyekuja kumsinga yeye. "Mutoto aolewe na shavu moja? Mi sikubali!" Binti akaukataa katakata mkorogo wake, ile dawa ya kuchubua ngozi. Nikadhani yameisha.

Wallahi, shavu la kulia likaanza kung'aa! Binti akampigia mwalimu wake simu, mie nikawatangazia majirani. Gliserini, kitu cha bei ya chee vile! Halafu shavu likawasha, likawa jekundu, mwisho likaiva jeusi kama masizi, na harusi iko mlangoni.

Tulikimbilia mjini, Rohero, kwa daktari wa ngozi. Akaomba chupa, chupa ya kahawia ya famasi isiyoonyesha kilichomo, akamimina kidogo kwenye pamba. Yakatoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, na harufu ya mkorogo, ambayo nyumbani tulidhani ni ya shangazi mwenyewe, ikajaa chumba.

"Gliserini haina harufu," binti yangu alisema, kisha akaangua kilio.

Nilirudi nyumbani nimefura. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele.

"Umetia nini kwenye chupa ya mtoto?"

"Kidogo tu." Hata macho hakuinua. "Alikuwa anapaka maji matupu, masikini. Nilimuonea huruma."

"Kidogo? Umemuunguza uso! Na utafiti wake umekufa!"

"Apana, itatulia. Hata we ulikataa mukorogo, umesahau? Nikakutilia ndani ya mafuta ya harusi, na miezi yote ya mimba nikakuletea yale yale. Si uling'aa?"

Nikakaa chini pale pale kwenye pumba. Ya Rabi! Miaka yote hii! Mafuta yale nilikuwa nikimshukuru kwayo.

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yangu, mtandio umefunika shavu lake. Alisikia yote.

"Mama," alisema polepole, "kumbe si mimi niliyekuharibu uso."